Je, Ni Haki Kubadili Feza ya Watu?

Wapo watu wadhanio kwamba mambo ya feza ni ya wakubwa tu, ya wale waketio katika Banki Kuu na katika majumba ya serikali. Serikali ikitangaza kwamba noti za zamani zitaondolewa na nyingine mpya zitatolewa, mtu wa kijijini husema: «Hayo ni mambo ya Kinshasa, mimi nina jembe langu.» Lakini siku ya soko huona ya kuwa mambo ya Kinshasa yamefika mpaka katika pembe ya kitenge ambamo mke wake amefunga feza ya mawese. Noti iliyonunua chumvi juma lililopita, leo haikubaliwi. Hakuna aliyeiiba, hakuna aliyeichoma moto, wala haikuliwa na panya, nayo imekufa.

Basi swali ni hili, nalo ni swali la dhamiri kabla ya kuwa swali la hesabu: Je, ni haki kubadili feza ya watu? Na kama ni haki, ni kwa namna gani na kwa mipaka gani? Mwenye kujifunza kutenda mema hana budi kulifikiri, kwa maana amri ya saba haikatazi wizi wa usiku peke yake. Inakataza pia kila njia ya kumnyang’anya mwenzako jasho lake, hata ile iliyoandikwa vizuri na kupigwa muhuri.

FEZA NI KITU GANI?

Yafaa kwanza kujua feza yenyewe ni nini. Wazee wa Katanga walijua misalaba ya shaba. Mafundi waliyeyusha mawe ya shaba, wakaimimina shaba ile mahali palipochongwa umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilitumika katika biashara na katika mahari. Upande wa magharibi, katika ufalme wa Kongo, watu walitumia makombe madogo ya bahari yaitwayo nzimbu, yaliyookotwa katika kisiwa cha Luanda chini ya ulinzi wa mfalme.

Angalia tofauti ya vitu hivi viwili. Msalaba wa shaba ulikuwa na faida ndani yake. Kama hakuna aliyeutaka sokoni, mwenyewe aliweza kuuyeyusha na kutengeneza bangili. Lakini kombe la nzimbu halikufaa kwa chakula wala kwa jembe. Lilikuwa na thamani kwa sababu watu wote walilikubali, na kwa sababu idadi yake haikuongezeka ovyo. Wafanyabiashara wa kigeni walipoleta makombe mengi kutoka mahali pengine, thamani ilishuka. Mwenye kuweka akiba ya nzimbu alikuta chungu chake kimejaa kama zamani, lakini hakikununua tena kama zamani.

Noti ya karatasi ni kama nzimbu, tena zaidi. Mwaka 1887, katika Dola ya Kongo ya mfalme Leopold wa Pili, zilitolewa sarafu za shaba zenye tundu katikati, hata watu waliweza kuzitunga katika uzi. Angalau shaba ni shaba. Lakini karatasi haipikwi, haivaliwi, wala hailimi. Kwa nini basi mtu mwenye akili amtoe mbuzi wake mnono na kupokea kipande cha karatasi? Kwa sababu anaamini ya kuwa kesho mtu mwingine atakipokea kipande kile na kumpa kitu cha thamani sawa. Noti ni neno lililoandikwa. Ni ahadi ya serikali, inayopita kutoka mkono hata mkono.

Hapo ndipo pana jambo zito. Mtu aliyeuza mbuzi wake amekwisha kutoa. Kazi ya kumchunga mbuzi miaka miwili imekwisha kutoka mikononi mwake. Yeye hajapokea bado kitu cha kula wala cha kuvaa. Amepokea ahadi tu. Kwa hiyo kila mwenye noti mfukoni ni mtu anayedai. Na wahenga walikwisha kusema: ahadi ni deni.

MAMBO YALIYOTOKEA KONGO

Nchi ya Kongo imejifunza habari hii kwa maumivu. Tarehe 24 Juni 1967 franka iliondolewa, ikaingia zaire. Zaire 1 ililingana na franka 1,000, na wakati huo ilikuwa na thamani ya dola 2 za Marekani. Zaire iligawanywa katika makuta 100, na kila likuta katika sengi 100. Zilitolewa sarafu za sengi 10, likuta 1 na makuta 5, hata maskini alikuwa na kipimo cha kununulia kidogo chake. Majina yale yaliingia katika vinywa vya watu. Hata leo, zaire yenyewe ikiwa imekwisha kufa, Wakongo wengi bado huita feza yote makuta.

Mabadiliko yale ya 1967 yalikuwa na ubaya na uzuri wake, lakini yaliyofuata mwaka 1979 yalikuwa ya namna nyingine. Mwishoni mwa Desemba ya mwaka ule, serikali ya Rais Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na za zaire 10 si feza tena. Watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Shabaha iliyotajwa ilikuwa kupunguza wingi wa feza na kuwanasa waliozificha na waliofanya magendo. Lakini banki zilikuwa mijini. Watu wa vijijini, walio mbali na banki kwa mwendo wa siku nyingi, walibaki na karatasi tupu mikononi. Wengine walisikia habari wakati muda ulipokuwa umekwisha. Akiba ya mavuno, ya mahari, ya karo ya watoto, yote ilipotea bila mwizi kuonekana.

Baadaye ugonjwa ulizidi. Serikali ilichapisha noti nyingi kuliko mali iliyokuwako nchini, na bei zikapanda kila juma. Mwisho wa mwaka 1992 ilitokea noti ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi alisema noti hiyo haina uhalali. Upande wa Mobutu ukaamuru itumike. Askari walilipwa kwa noti hiyo, na wafanyabiashara wakaikataa. Mwisho wa Januari 1993 askari walipora mji wa Kinshasa, watu wengi wakauawa, na balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, naye akafa kwa risasi. Tazama jinsi karatasi moja isiyoaminiwa ilivyoweza kumwaga damu.

Katika Oktoba 1993 ilitolewa zaire mpya: zaire milioni 3 za zamani kwa 1 mpya. Watu wa Kasai waliikataa, wakaendelea kutumia noti zao za zamani ingawa serikali ilikuwa imeziacha. Nazo zilifanya kazi, kwa sababu watu wa Kasai waliaminiana juu yake, na hakuna aliyezichapisha tena. Hilo ni fundisho kubwa. Muhuri wa serikali peke yake haukutosha kuipa zaire mpya thamani. Na kukosa muhuri hakukutosha kuiua ile ya zamani.

Hatimaye, tarehe 30 Juni 1998, franka ilirudi. Franka 1 ililingana na zaire mpya 100,000. Mwenye kupenda hesabu na azidishe: franka 1 ya mwaka 1998 ni sawa na zaire bilioni 300 za namna ile ya 1967. Naye atakumbuka kwamba zaire 1 tu ya mwaka 1967 ilipata dola 2. Franka ile ilipoanza, dola 1 haikufika franka 2. Kwa miaka mingi noti kubwa kuliko zote ilikuwa ya franka 500. Julai 2012 zikaongezwa noti za franka 1,000, 5,000, 10,000 na 20,000, na katika miaka ya 2020 dola 1 ilivuka franka 2,000. Senti zilizotolewa pamoja na franka mwaka 1998 hazionekani tena sokoni.

MABADILIKO YA NAMNA TATU

Mtu akisikia habari hizo zote aweza kukasirika na kusema: «Basi kubadili feza ni dhambi daima.» Asiseme hivyo upesi. Kuna mabadiliko ya namna tatu, na kila moja lina hukumu yake.

La kwanza ni kubadili sura. Noti huchakaa kwa jasho na mvua. Tena waongo hujifunza kuziiga, na serikali hulazimika kutengeneza nyingine zilizo ngumu kuigwa. Kubadili sura kwa sababu hizo si kosa, bali ni wajibu. Ni kama baba anayeezeka nyumba upya: nyumba ni ile ile, na watoto hawafukuzwi.

Lakini sura ya nani iwekwe? Zamani, watu waliomtega Yesu kwa swali la kodi waliambiwa waonyeshe sarafu, nao wakakiri kwamba picha iliyo juu yake ni ya Kaisari. Wakubwa wa dunia tangu kale wamependa kuweka nyuso zao juu ya feza, ili kila anunuaye mkate awakumbuke. Kwa miaka mingi noti za zaire zilikuwa na uso wa Mobutu. Noti za franka zina picha nyingine: ile ya franka 50 ina kinyago cha Watshokwe, ile ya franka 100 ina tembo na bwawa la Inga, ile ya franka 1,000 ina okapi. Katika Kenya, katiba ya mwaka 2010 inakataza kuweka picha ya mtu awaye yote juu ya feza. Kwa hiyo sarafu zao zilizotolewa mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na tembo. Kuna hekima katika desturi hiyo. Feza si mali ya mtawala. Ni chombo cha watu wote. Uso wa mtawala hupita, lakini deni la noti hubaki juu ya taifa zima.

La pili ni kubadili hesabu, yaani kufuta sifuri na kuweka majina mapya. Hili nalo kwa tabia yake si wizi. Aliyezoea kupima nguo kwa mkono akianza kupima kwa meta, nguo haipungui. Vilevile kama mshahara umefutiwa sifuri tatu, na bei ya unga imefutiwa sifuri tatu, na deni la duka limefutiwa sifuri tatu, hakuna aliyepata wala aliyekosa. Hatari iko mahali pengine. Kwanza, katika kupunguza bei, mwenye duka hupenda kupandisha kidogo ili hesabu iwe nyepesi, na kidogo kile hulipwa na mnunuzi. Pili, yule asiyejua hesabu hudanganywa siku za kwanza. Tatu, vipande vidogo vikikosekana, maskini ndiye anayeumia. Mwenye kununua gunia zima hahitaji sengi. Lakini mama anunuaye chumvi ya kijiko kimoja, mafuta ya kopo dogo na samaki mmoja mkavu, huyo anahitaji feza ndogo. Akikosa kurudishiwa salio lake, amelipa kodi ambayo hakuna sheria iliyoiweka.

Kwa hiyo wale wanaochagua kama kutakuwa na franka 20 au 50, kama kutakuwa na sarafu au karatasi tu, wasidhani wanachagua mambo madogo. Wanachagua kama maskini ataweza kununua kwa kadiri ya uwezo wake. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini haba isiyo na kipimo humwagika.

La tatu ni kuua noti, yaani kutangaza kwamba tangu siku fulani noti fulani si kitu. Hapo ndipo ahadi inapoguswa yenyewe, na hapo ndipo dhamiri iamke.

MANENO YA WANAOTETEA

Wapo watetezi wa kuua noti kwa ghafula, na maneno yao si ya kijinga. Husema hivi: «Wezi wa mali ya umma, wenye magendo na wenye kutengeneza noti za uongo huficha mafurushi ya feza. Wakipewa muda mrefu watajipanga. Ghafula ndiyo silaha. Wachache wasio na hatia wataumia, lakini nchi nzima itapona.»

Neno hili lina majibu matatu.

Jibu la kwanza latoka katika mambo yenyewe yalivyo. Tajiri mwenye hila haweki mali yake katika karatasi za nchi yake. Huinunulia dola, nyumba, magari na ng’ombe. Akibaki na noti, ana rafiki katika banki, naye husikia habari kabla ya redio kusema. Mjane wa kijijini hana dola wala rafiki katika banki. Ana noti zilizofungwa kitambaani. Kwa hiyo wavu wa ghafula hunasa dagaa na kuwaachia mamba. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1979.

Jibu la pili latoka katika haki. Haifai kumchapa mtoto asiyekosa ili yule aliyekosa aogope. Hata kama shabaha ni njema, njia mbaya haigeuki kuwa njema kwa ajili yake. Serikali inayo haki ya kumtafuta mwizi, kumshitaki na kumnyang’anya alichoiba. Haina haki ya kuchoma ghala la kijiji kizima kwa sababu panya mmoja amejificha ndani yake.

Jibu la tatu latoka katika faida ya serikali yenyewe. Aliyevunjiwa ahadi mara moja huacha kuweka akiba. Husema: «Afadhali nile leo, kwa maana kesho karatasi itakufa.» Au huficha dola chini ya kitanda, na kuikataa feza ya nchi yake. Ndipo serikali inapolalamika ya kwamba watu hawaiamini franka, wala haikumbuki ni nani aliyewafundisha kutoiamini.

Mataifa mengine yameonyesha kwamba njia nyingine iko. Katika Kenya noti mpya zilitangazwa tarehe 1 Juni 2019, na noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilikubaliwa mpaka mwisho wa Septemba, yaani miezi minne. Hata hivyo noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi. Labda nyingine zilikuwa za wezi, lakini hakuna ajuaye ni ngapi zilikuwa za wazee wa mbali. Katika Nigeria noti mpya za naira 200, 500 na 1,000 zilitolewa Desemba 2022, na watu wakaambiwa za zamani zitakwisha Januari 2023. Muda ulikuwa mfupi, noti mpya hazikutosha, na watu walisimama mistari mirefu wakikosa hata nauli. Tarehe 3 Machi 2023 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba noti za zamani ziendelee kutumika. Nao Wabelgiji, walioacha franka yao na kuingia katika euro mwaka 2002, walifanya vizuri zaidi kwa upande wa noti: mpaka leo Banki ya Taifa ya Ubelgiji hupokea noti za franka na kutoa euro, bila kuweka mwisho wa muda. Bibi kizee wa kule akikuta noti ndani ya kitabu cha marehemu mumewe, ahadi ile ya zamani bado hutimizwa. Kwa nini bibi kizee wa Maniema au wa Tanganyika astahili kidogo kuliko huyo?

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kutokana na hayo, wajibu wa wenye kutawala waweza kusemwa kwa maneno machache. Wawaarifu watu mapema, kwa lugha wazijuazo, si kwa Kifaransa peke yake. Wapeleke noti mpya mpaka vijijini kabla ya kuzikataa za zamani. Waache mlango wazi kwa aliyechelewa bila kosa lake. Waweke vipande vidogo vya kutosha. Na zaidi ya yote, wasichapishe noti kupita mali iliyoko. Kwa maana kufanya hivyo ni kuivunja ahadi polepole badala ya kuivunja kwa siku moja, na anayekatwa kidole kila mwezi hana heri kuliko aliyekatwa mkono.

Lakini dhuluma ya feza haifanywi na wakubwa peke yao. Nao wadogo wanaweza kudhulumiana. Chukua mfano huu. Noti zimebadilishwa, na muda wa kuzirudisha bado haujakwisha. Mama mzee analeta noti zake kwa kijana mwenye duka kijijini.

Kijana anasema: «Mama, karatasi hizi zimekufa.»

Mzee anashangaa: «Zimekufa namna gani, mwanangu? Juzi ulizipokea kwa sabuni.»

«Ndiyo mama, lakini sasa ni taabu. Ila kwa kuwa wewe ni mama yangu, nitakupa nusu yake, nami nitajisumbua kuzipeleka mjini.»

«Mungu akubariki, mwanangu,» mzee anasema, akipokea nusu.

Kijana yule hakuvunja mlango wala hakushika kisu. Tena amebarikiwa. Lakini alijua ya kuwa banki mjini itampa thamani yote. Kama angedai nauli ya haki, hakuna angemlaumu, kwa maana safari ni kazi, na kazi ina malipo. Lakini nusu nzima si nauli. Ametumia ujinga wa mama mzee kama mwingine atumiavyo giza. Neno «mama» alilolitumia limefanya kosa lake kuwa zito zaidi, kwa maana amemwibia akimwita mzazi.

Kuna na dhuluma nyingine ndogo zinazofanana na hiyo. Mtu amepokea noti iliyochanika au ya uongo, akaitambua akiwa amechelewa. Badala ya kubeba hasara yake, anamngojea kipofu, au mtoto aliyetumwa dukani, au mnunuzi wa jioni wakati taa ni hafifu, ili aipitishe kwake. Anajisemea: «Mimi nilidanganywa, nami naipitisha tu.» Hoja hiyo ingekuwa kweli, kila aliyeibiwa angekuwa na ruhusa ya kuiba. Uovu hauponywi kwa kumpa jirani. Ni lazima uishie mahali fulani, na mtu mwema hukubali uishie kwake.

Wenye duka nao wajiangalie katika kurudisha salio. Kumpa mtoto peremende badala ya franka zake, kila siku, bila kumwuliza kama anazitaka, ni kumchukulia feza yake kwa utamu.

Na waliojaliwa kusoma wana wajibu wao mzuri. Siku feza inapobadilishwa, mwenye kujua hesabu ni kama mwenye taa wakati wa usiku. Akae chini ya mwembe siku ya soko, na awaonyeshe wazee: noti hii ni ile ya zamani yenye sifuri tatu zaidi, hii ina uzi ndani yake, ishikeni kwenye mwanga, bei ya unga iliyokuwa hivi sasa iwe hivi, ikizidi mwulizeni mwenye duka kwa nini. Saa moja ya kazi hiyo italinda mali ya kijiji kuliko mapanga ishirini.

Sasa jibu la swali laweza kutolewa. Ni haki kubadili sura ya feza, iwapo kuna sababu. Ni haki kubadili hesabu yake, iwapo kipimo ni kimoja kwa wote, na mdogo hakuachwa bila kipande chake. Lakini si haki kuvunja ahadi iliyo ndani ya noti, wala kwa ghafula wala polepole. Na aliyelazimika kuigusa ahadi hiyo hana budi kuubeba mzigo yeye mwenyewe aliyeahidi, asimtwike yule aliyeamini.

Basi ninyi msomao, msingoje Kinshasa iwe na haki ndipo nanyi muwe na haki. Noti ipitayo mikononi mwenu leo imetoka katika jasho la mtu, nayo inakwenda kuwa chakula cha mtu. Ipokeeni kwa haki, irudisheni kwa haki, na hesabuni salio mbele ya macho ya mwenye mali. Kama kijiji kinaaminika katika franka 50, kitaaminika pia katika franka 20,000. Na nchi yenye vijiji vya namna hiyo itakuwa na feza yenye thamani, hata ikichorwa picha gani.